Kwa Hawa Hakuuzwi Instantané

Kijiwe chetu kiko Bulengera: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya thermos ya Hawa, muuza kahawa. Hapa hakuna tatizo linalokosa mtaalamu. Yuko Jumaine, tunayemwita Direct kwa sababu gari lake la kwenda Beni halijawahi kufika bila kusimama njiani. Yuko Jéthro, Pasta Antene, muuza chaja ambaye hajawahi kuhubiri popote ila hapa. Asubuhi hiyo akaja Kakule, Ingénieur, fundi wa redio ya mtaa, uso umemshuka. Diski ya redio ilikuwa imeanza kukwaruza, na ndani yake mna sauti zote za miaka iliyopita, pamoja na ya marehemu Furaha, mama yake Hawa, aliyekuwa na kipindi cha akina mama. Hawa hana sauti hiyo mahali pengine popote. Redio ikirudia kipindi kile siku ya Jumamosi, anatukataza hata kupuliza kahawa.

— Niko nafanya copie ya zile sauti, mashini inakatala, Kakule akasema. Inaandika: échec, imeshindwa, instantané impossible.

Hawa akageuka, kijiko mkononi.

— Instantané, ile ya poda ya kopo? Mu kahawa yangu? Hii inatoka Mutwanga, naikaangaka miye mwenyewe!

— Hapana kahawa, yaya, dada yangu. Instantané ni picha. Mashini inajipiga picha kwanza, kisha njo inafanya copie.

— Inajipiga picha juu ya nini? Iko na fête ya ndoa?

Kakule akavuta pumzi, kama mwalimu aliyepewa darasa la wasioelewa.

— Sauti haziko mu mashini ile munaonaka. Ziko mu mashini ingine, virtuelle, yenye iko ndani yake.

— Mashini mu tumbo ya mashini, Direct akasema. Donc iko na mimba. Peleka ku maternité.

— Na ile programme ya kufanya copie, uliuzaka wapi, ulilipa ngapi? Pasta akauliza.

— Kulipa? Ni version gratuite, ya bule! Kakule akajibu kwa fahari ya mtu aliyewapiga chenga Wazungu. Niliandikia benye kuitengeneza, banajibu: ba bule hatubasikilizake.

— Njo ile! Direct akapiga goti. Miye nabebaka batu bule. Nabashusha ku barrière ya kwanza ya askari. Mashini yako imeshushwa.

— Hapana, Pasta akasema. Ni réseau ya Uganda. Ikiingia mu simu yangu, saa inaruka mbele. Mashini inafikiri picha ilishapigwa kesho. Sasa itaipiga leo namna gani?

Ninaona haya kusema kwamba nilitikisa kichwa kukubali.

— Mais tuipeleke Mavivi, ku aéroport, Direct akasema. Bale ba scanner banaonaka mpaka soksi mu valise. Sauti itabashinda?

— Wivu! Pasta akasimama kabisa. Mashini ya inje njo inakula courant ya umeme, mashini ya ndani njo inapata sifa. Ingénieur, uombe ya inje msamaha. Mbele ya batu.

Kakule, mwenye diploma, akauliza aiombe kwa Kifaransa au kwa Kinande.

Hawa hakucheka.

— Kakule. Sauti ya mama itabaki?

— Hapana ogopa, yaya. Yenye inakatala ni ya juma hii tu. Copie za zamani ziko mu diski ingine, mu kabati ya redio. Kila Ijumaa mashini iliandika «réussi», imefaulu, na rangi ya kijani. Kijani safi!

Tukapumua wote. Direct akaomba kikombe cha pili.

Pembeni alisimama mwanamke mmoja na begi lake, Bénite, abiria aliyekuwa akingoja pikipiki aliyopanda izibwe tairi ng'ambo ya barabara. Alikunywa polepole, akatusikiliza, kisha akaweka kikombe chini.

— Mwabukire, akatusalimu kwa Kinande. Munisamehe, miye hapana jua mambo ya mashini. Zile copie za kijani, mulishaka kufungua moja, mukasikia sauti?



— Ziko kijani, Kakule akasema.

— Rangi nimesikia. Niko nauliza sauti.

Direct akaanza kuchunguza viatu vyake. Pasta Antene akakumbuka mteja wa haraka, ambaye sisi wengine hatukumwona. Kakule akanywa, na kikombe chake kilikuwa kitupu tangu zamani. Nilimwonea Hawa huruma hata nikashindwa kumtazama.

Hawa akaja akakusanya vikombe kimoja kimoja, changu kikiwa bado nusu.

— Kahawa imekwisha.

Akabana kifuniko na kuinyanyua thermos kwa mikono miwili. Kahawa ikasikika ikicheza ndani.

— Simama, Kakule. Twende ufungue ile kabati, nimusikie mama.

Kakule alikuwa bado ameketi.