Masizi ya Kisigino

Mashua ya mferejini ilipoondoka gati la Pratunam, kijana Thanwa alivuta turubai maji machafu yasimrukie, akajifanya hasikii. Kando yake mama mwenye kapu la maua ya jasmini alikuwa akibishana na binti wa chuo asiyemjua, kisa tamthilia ya wanaume wawili waliopendana, wakafa, wakazaliwa upya.

"Mapenzi yao matamu, mama, nililia mpaka kamasi," binti alisema. "Ila walivyochanganya zama, sijui hata nani alikuwa nani."

"Hata mimi nimepotea, mwanangu. Halafu eti wanatambuana kwa macho tu! Mbona maiti zao hazikupakwa masizi? Mume wangu nilimpaka mwenyewe kisigino cha kushoto kabla hajachomwa, wewe hujazaliwa bado, ili akizaliwa tena awe na baka hapo, nimjue."

"Na ukimkuta ana mpenzi wake wa kiume?"

Mama akapangapanga maua yaliyokuwa yamepangika. "Hapo ndipo waliponivuruga. Mwanzoni nilicheka. Sasa sijui nitamwambia nini."

"Basi usimtafute."

"Wewe nawe! Nisimtafute vipi, na macho yanakwenda miguuni yenyewe?"

Thanwa, ambaye mpenzi wake Anan, kijana mwenziwe, alikuwa akimsubiri gati linalofuata, alirudisha taratibu chini ya benchi ndala ya kushoto, pamoja na kisigino chake chenye baka jeusi alilozaliwa nalo. Mashua ikagonga gati. Akasimama ampite yule mama, naye mama wakati huohuo akainama kuokota ua lililodondoka miguuni pa kijana.