Machozi ya Mpagazi

Kwenye basi la kutoka Urambo nilikaa nyuma ya binti aliyejitaja kuwa Josepha. Alikuwa akimsomea mzee jirani yake hadithi fupi aliyoitunga mwenyewe, ambayo jioni angeisoma redioni Tabora. Ndani yake, mpagazi wa zamani amebeba pembe za ndovu kwenda pwani, na njiani analia.

"Hapo futa, mjukuu wangu," mzee akasema. "Babu yangu alikuwa mpagazi. Mnyamwezi alie njiani, mbele za watu? Huyo umemtoa wapi?"

"Kwa baba yangu. Mvua ya mawe ilipopiga tumbaku yetu alilia, kisha akashika jembe. Ndiye mwanamume ninayemjua."

"Basi si uandike mkulima!"

"Nikiandika mkulima, kijiji kizima kitajua ni baba."

Rozari niliyokuwa nikisali ilikwama kwenye fumbo la tatu, kwa kuwasikiliza. Mama Maria anatuelewa sisi wanawake na masikio yetu.

"Kwani babu yako ulimwona akiwa safarini?" binti akauliza.

"Nilisimuliwa na baba."

"Na baba yako alimpenda?"

"Mno! Kila mgeni aliyepita kwetu alisimuliwa habari zake."

"Basi naye alitunga kidogo."

Mzee akageukia dirishani, akatazama nje mpaka stendi. Nilidhani amenuna. Basi liliposimama alinyanyuka, akaweka gunia lake la karanga begani kama kijana, akamwinamia binti.

"Hakulia," akasema. "Lakini kama kwako ni lazima alie, mzigo asiutue."