Mama Pindo, Fundi Aliyepima Simu kwa Vidole

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye hakuwahi kusikia redio hata siku moja. Alizaliwa kiziwi. Akaishi miaka hamsini na tisa. Alifariki Jumanne iliyopita, baada ya kuugua kwa siku tisa. Wateja walimwita Mama Pindo, kwa sababu hapakuwa na pindo la suruali wala la gauni lililowahi kumshinda.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja. Cherehani ilikaa dirishani. Ukifika, unakanyaga sakafu ya mbao kwa nguvu, yeye anahisi mtikisiko kwenye nyayo, anageuka na futi ya kupimia ikiwa tayari mkononi. Alisoma midomo vizuri mno. Wapo wateja walionong'onezana mbele yake kwamba kola imekaa upande, wakidhani wako salama. Hawakuwa salama.

Mama Pindo alikuwa na mdogo wake wa kiume, naye kiziwi. Katika nyumba ya watoto sita, ni hao wawili tu. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na wazazi walikawia kuwapeleka. Basi wakiwa wadogo walijitungia lugha yao wenyewe, ya vidole, nyusi na mabega. Baadaye dada alijifunza lugha ya alama wanayotumia viziwi wengine, akamfundisha na binti yake. Kaka hakupata bahati hiyo. Aliingia kwenye kazi ya kuoka mikate angali kijana, katika mji mwingine, akabaki na lugha ya utotoni. Kuandika, aliweza jina lake na maneno machache. Kwa hiyo lugha ile ilijulikana na watu wawili tu. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Watu wawili tu.

Kila siku saa saba mchana, mikate ikishatoka tanurini, kaka alipiga simu ya video. Dada alisimamisha simu yake juu ya boksi la nyuzi, akaegemeza kwenye cherehani, wakazungumza.

Simu yenyewe ilikuwa imezeeka. Betri ilikuwa imevimba hadi mfuniko wa nyuma umeinuka, naye akaufunga kwa lastiki ya kiunoni, ile ya sketi. Chaja haikushika mpaka uiinamishe kwa pembe fulani anayoijua yeye. Binti yake, mwalimu wa chekechea, alimsihi kwa miaka miwili anunue nyingine. Jibu lilikuwa lile lile.

"Mama alikuwa ananiambia, hii inaniona," anakumbuka binti. "Alishajaribu simu za watu. Nyingine zilimkata mikono kwenye picha. Nyingine zilionyesha vidole kama vile vimepakwa mafuta. Mimi nikamwona mbishi tu."

Sasa sikilizeni kilichotokea miaka sita iliyopita.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya likizo, na binti alikuwa pale chumbani akimsaidia mama yake kushona vifungo. Simu ikawaka. Si saa yake ya kawaida. Aliyepiga alikuwa mwokaji aliyefanya kazi na kaka, mtu mwenye kusikia. Alikuwa hospitalini. Kaka alikuwa ameanguka kazini kwa maumivu ya tumbo. Kidole tumbo, madaktari walisema, na kimeshaanza kuoza. Walitaka kumchoma sindano ya dawa kabla ya kumpasua. Lakini kila muuguzi alipomkaribia, mgonjwa aliuvuta mkono wake. Walidhani anaogopa sindano. Walikuwa wakijiandaa kumshika kwa nguvu.

Mwokaji akageuza simu. Mama Pindo akamwona mdogo wake kitandani, midomo imekauka, macho mekundu kwa homa. Kaka akainua mkono. Vidole viwili vikaenda kooni.

Hapo simu ikazima.

Mama Pindo akaiinamisha chaja. Haikushika. Akabadilisha pembe. Haikushika. Betri ikawa ya moto kama pasi. Simu ile haikuwaka tena.

Wasikilizaji wapendwa, mwelewe ugumu wake. Katika lugha ya wale wawili, vidole viwili kooni ni mwanzo wa maneno matatu. Ukivishusha, ni maji. Ukivizungusha shingoni, ni mama yao, aliyependa kuvaa shanga. Ukifumba ngumi na kuifumbua taratibu, ni sindano ile. Kaka alipokuwa na miaka mitano alichomwa sindano ya kutibu kidonda, koo likavimba, akakaribia kufa. Waliokumbuka walikuwa wamebaki wao wawili. Na dada alikuwa ameona nusu ya neno.

Binti akapiga kwa simu yake. Ilikuwa imelowa maji mwezi uliotangulia. Sauti ilipita vizuri, ila kamera zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zilikuwa zimejaa ukungu. Mama Pindo akainua mikono mbele yake. Kule kitandani mgonjwa alitazama ule ukungu, hakumtambua dada yake, akageuzia uso ukutani.

Muuguzi akachukua simu. "Mama anasemaje?"

"Anasema huenda kuna dawa inayomdhuru. Tafadhali msubiri."

"Huenda, au ana uhakika?"

Binti akamuuliza mama yake. Mama Pindo hakuwa mtu wa kudanganya, hata hapo. Akatikisa kichwa: hana uhakika.

"Dada yangu, huyu anaungua," muuguzi akasema. "Nawapa robo saa. Daktari akirudi, sitakuwa na la kumwambia."

Duka la simu lilikuwa ng'ambo ya barabara. Walivuka mbio, Mama Pindo akiwa na futi shingoni na pini kifuani.

Muuza simu alikuwa mkarimu na msemaji. Akaweka mezani simu kubwa inayong'aa. "Hii imeingia juzi tu. Inahifadhi picha elfu kadhaa, na rangi ni tatu." Mama Pindo hakutazama rangi. Alifungua kamera ya mbele, akajirekodi akizungumza kwa mikono, akarudisha kutazama. Uso ulitoka laini kama wa bibi harusi. Vidole vikayeyuka. Akairudisha.

"Mama, chukua hii hii," binti akasema kwa mikono. "Dakika tano zimeshapita."

Mama Pindo akamjibu: "Akinigeuzia uso mara ya pili, hatageuka tena."

Ya pili ilimwona kichwa tu. "Mwambie mama arudi nyuma kidogo," muuzaji akashauri. Akarudi hadi akagonga mlango, mikono bado iko nje ya picha. Akairudisha. Dakika nane. Binti anasema alitamani kumpokonya mama yake pochi na kulipa mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo hata baraka yenyewe ilikuwa na haraka.

Ndipo Mama Pindo akachuchumaa. Kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na vumbi, kulikuwa na simu iliyokwisha kutumiwa na mtu, mgongo umechubuka. Muuzaji aliona haya kuitoa. Mama Pindo akajirekodi, haraka, kwa mikono yote miwili. Akatazama. Kila kidole kilikuwa mahali pake. Kuanzia utosi hadi kiunoni.

"Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame," muuzaji akasema polepole. Alihamisha laini kwa mikono yake mwenyewe. Kisha wakasubiri. Kiduara kilizunguka. Namba ya uthibitisho ikakawia. Dakika kumi na mbili. Kumi na tatu. Ikaingia.

Mwokaji alipokea mara moja. Nyuma yake daktari alikuwa amesharudi.

Mama Pindo akagusa sikio lake kwa vidole viwili vilivyofunguka na kufumba kama mkasi; hilo ndilo jina lake, alilopewa na mdogo wake utotoni. Mgonjwa akageuka. Akamtazama. Dada hakumtajia neno lolote, asije akamtia neno mdomoni. Alimwomba tu aseme tena.

Vidole viwili kooni. Ngumi. Ngumi ikafumbuka taratibu. Akarudia mara ya pili.

"Ni dawa," binti akasema kwa sauti. "Alichomwa utotoni, koo likavimba. Mama ana uhakika sasa."

Muuguzi akairudisha sindano kwenye trei. Daktari akaandika dawa nyingine. Alasiri hiyo kaka akapasuliwa. Alipona, na baada ya wiki saba alirudi kuoka mikate.

Ndiye aliyesimama mbele ya kaburi Alhamisi iliyopita. Hakulia. Alizungumza kwa mikono kwa muda mrefu, na waombolezaji wote walimtazama hadi mwisho, ingawa hakuna aliyeelewa yote.

Binti anasema sasa mjomba anampigia yeye, saa saba mchana. Katika lugha ile anajua maneno kama arobaini tu, aliyookota kwa kumtazama mama yake. "Siku ya kwanza alisema kitu, sikuelewa. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya saba nikaelewa. Alikuwa ananiuliza kama nimekula."

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu amtazame yule nyumbani ambaye huwa tunazungumza juu ya kichwa chake. Mzee asiyesikia vizuri. Mtoto mwenye kigugumizi. Tujiulize, ni maneno mangapi ya kwake tunayajua?

Kwa ndugu wote wa Mama Pindo, na kwa wateja wake, poleni sana. Mungu amlaze pema.

Na wewe, mwalimu, binti wa Mama Pindo, najua umeweka redio mezani na simu mbele yako, unamfikishia mjomba haya tunayosema. Ndiyo maana leo nimezungumza polepole. Mwambie tunampa pole. Malizia kwanza, usiharakishe. Tunakusubiri.