Kidole Kwenye Chupa Safi

Dakika alinifuma kidole changu kimezama ndani ya chupa ya mpwa wangu. Kijiwe chetu ni benchi lililochoka mbele ya chumba cha kinyozi. Dakika hutengeneza saa hapo kando, Wembe hunyoa, na mimi, Pasipoti, nimezunguka nchi za watu nikarudi na viatu tu. Mpwa wangu alikuwa ameniachia chupa mbili akaenda kutafuta gari la kumpeleka maabara. Ndani mna haidra, vinyama vya majini vyembamba kama uzi. Wa kifuniko cha buluu wana vijidudu vyao vya kuzaliwa. Wa kifuniko chekundu kawasafisha miezi mizima, hawana hata kimoja. "Hiyo nyekundu, Mjomba, usiifungue," aliniagiza.

— Toa mkono, mzee mzima!

— Nilitaka kuona kama watashtuka.

— Washtuke na nini? Si ulisema hawana ubongo?

— Wana mishipa ya fahamu, imetandaa mwilini kama wavu. Hujikunja wenyewe kwa mpigo wao. Ukiwaondolea vijidudu, mpigo unavurugika. Ndicho anachokwenda kuwaonyesha wakubwa wake leo, wampitishe au wamtimue.

Wembe akatoka, mkasi mkononi.

— Na wewe umewarudishia?

— Kidole kimoja tu.

— Basi tulia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Hakivunji, lakini kinambeba, akasema Dakika. Ona, haidra mmoja kajikunja! Vijidudu vya Pasipoti vishaanza kutoa amri.

— Kaogopa kucha zangu huyo.

— Miaka yote nasafisha saa vumbi ziende. Kumbe kuna saa zinazoendeshwa na vumbi!

— Basi huu mguu wangu unaotikisika, akasema Wembe, kuna kijidudu kinautikisa. Hata mke, nilioa kwa shauri la tumbo.

— Hilo mtaa mzima unajua.

Wembe akaiinulia chupa kikombe cha kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Nilifunga kifuniko, nikafungua, nikafunga tena. Kahawa yangu ikapoa bila kuguswa. Mara mpwa wangu huyo, mbio, gari linanguruma nyuma yake. Akainua chupa nyekundu. Kifuniko kilikuwa kinadondosha maji.

— Nani kaifungua?

Dakika akainamia saa mbovu. Wembe akakata hewa kwa mkasi.

— Mwanangu, nikasema, watazame basi wanavyocheza. Si wazima?

— Wao wazima, Mjomba. Iliyokufa ni kazi yangu.