Aliyeitembea Njia ya Pili

Baba yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo. Akiwa darasa la nne aliifungua redio ya nyumbani vipande vipande, akairudisha kabla ya taarifa ya habari. Skrubu mbili zilibaki. Bibi alisema redio ilisikika vizuri zaidi. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1979.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya simu. Tarehe 18 Agosti 1984 alimwoa mama, mpokea simu wa kampuni hiyo, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akimjibu, "Subiri kidogo, laini ina shughuli."

Mkongo wa mawasiliano ulipoletwa mjini, baba ndiye aliyeuchorea njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ipokee kazi papo hapo. Tarehe 9 Juni 2011 mafuriko yalibomoa daraja, na njia zote mbili zikakatika kwa pamoja. Kwenye karatasi zilikuwa mbalimbali. Ardhini zote zilipita juu ya daraja lile lile. Mji ulikaa saa tisa bila simu, hospitali ikiwemo. Baba hakumsingizia mtu. "Nilichora kwa rula, sikutembea," aliwaambia wakubwa wake.

Tangu hapo hakuidhinisha njia asiyoikanyaga mwenyewe, na mafundi wakambandika jina Mzee Viatu. Kila mwaka aliomba njia ya pili ihamishiwe barabara ya zamani, isiyovuka mto. Kila mwaka alikataliwa. Alistaafu mwaka 2018, akaendelea kuomba, hadi wakachoka wao, wakaihamisha.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, saa nne asubuhi, alikuwa wodini fundi mkuu alipompigia simu.

"Mzee Viatu, mkongo mkuu tumeukata makusudi. Tunaijaribu njia yako."

"Mmekata saa ngapi?"

"Dakika tano sasa."

"Acha utani. Mbona nakusikia?"

"Si ndiyo hiyo! Umepita huko huko, mzee!"

Baba alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Baba, hapa ni wodini, si uwanjani!"

"Nisamehe, mama. Tumefunga bao."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei, asubuhi, akiwa na mama pembeni.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na mji mzima unaoongea.

Pumzika kwa amani, baba. Kazi umeimaliza.