Habu za Bi. Darlene

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bi. Darlene Hoversten anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya baiskeli hapa Missoula kwa miaka thelathini na miwili.

Alianza mwaka 1993 akiziba pancha. Baada ya miaka miwili, hakuna baiskeli ya safari ndefu iliyotoka hapa bila magurudumu aliyoyasuka yeye kwa spoku. Wateja wake wamevuka bara zima kwa magurudumu hayo, na kadi walizomtumia zimejaza ukuta wa choo chetu, maana kuta nyingine zina vipuri.

Hakuwa malaika. Mwaka 1997 alimfungia mwalimu mmoja, Bw. Pruitt, habu nyepesi za kung'aa (habu ndicho kitovu cha gurudumu), zile ambazo gololi zake zimezibwa kiwandani. Moja ikasagika katikati ya jimbo la Wyoming, na hakukuwa na fundi wa kuifungua. Darlene aliendesha gari kwa muda wa saa tisa kumpelekea gurudumu, akamwomba radhi palepale kando ya barabara. Tangu hapo kila mteja alisomewa sheria moja: "Habu ya safari ni ile unayoweza kuifungua mwenyewe kwenye mvua, ukiwa na spana mbili na hasira." Asiyekubali kutoa gololi, kuzipaka grisi na kuzirudisha mbele yake, hakuuziwa.

Sasa ni zamu yake. Jumatatu anaanza safari ya baiskeli kwenda Maine kwa dada yake Verna, kilomita elfu tano hivi, akiwa na miaka sitini na sita na goti moja bovu. Sisi wenzake tukachanga, tukamnunulia zawadi: habu nyepesi, za kung'aa, zilizozibwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Aliziangalia kwa heshima, akasema, "Jamani, ni nzuri mno. Ziwekeni dirishani, mimi nataka kufika."

Tuliona aibu, kisha tukacheka sana. Akatoa rafuni habu za kawaida za chuma, za spoku thelathini na sita, akaziweka mezani kwangu nizijaze grisi na kumsukia magurudumu. Nilimaliza jana. Nikasubiri ayazungushe, asikilize gololi, anirudishie kazi kama kawaida yake. Hakuyazungusha. Aliyafunga kwenye baiskeli yake, akaipanda, akaenda nyumbani.

Asante kwa yote, Bi. Darlene. Ustaafu wako uwe mwema, goti likutii milimani, na Verna akupokee mlangoni ukiwa mzima.