Bawabu wa Chumba cha Bodi

Miaka ishirini na tisa ameitumikia kampuni hii, na Ijumaa hii katibu wetu wa bodi anafunga kabati lake. Watasema ni umri. Umri bado. Ameondolewa, na ninyi nyote mnajua.

Kazi yake ilikuwa ya kuchukiwa. Kabla wakurugenzi hawajapiga kura, alisimama akauliza, "Nani ana chake humu?" Mwenye duka lake, ndugu yake au mkwewe ndani ya jambo hilo alitoka, akakaa kwenye benchi la korido, mlangoni pa jiko langu la chai, mpaka wenzake waamue. Walinuna, wakamwita Bawabu. Mmoja alisinzia pale mdomo wazi, kikao kikaisha, watu wakaenda zao, akaja kuamshwa na mfagizi. Na siku mpwa wa mkewe alipoomba kazi, Bawabu alijitoa mwenyewe. Alikaa benchini magoti pamoja kama bwana harusi.

Mwaka jana likaja suala la kutengeneza boila la kiwandani, lile tangi la mvuke. Aliyeomba kazi ile ni shemeji wa mwenyekiti. Katibu akauliza swali lake. Mwenyekiti akacheka: "Mimi ndiye mwenyekiti wenu. Nitoke niende wapi?" Katibu akafungua mlango, akasimama ameushika, chai ikapoa mezani. Wengine, watu wazima na ndevu zao, wakainamia simu. Mwenyekiti hakutoka. Kura ikapita, shemeji akapewa kazi.

Boila likapasuka. Tukazika mafundi wawili, mmoja ni yule wa kunitania kila asubuhi, "Bibi, utaolewa lini?" Jeneza lake halikufunguliwa.

Mbele ya wanahisa mwenyekiti alisema ni ajali tu. Katibu akasimama: "Niliushika mlango. Hakutoka." Mwezi haukuisha, akaambiwa akapumzike. Mwenyekiti yupo kitini mpaka leo.

Asante, katibu, mdogo wangu. Hukuwaokoa wale wawili, na najua wanakunyima usingizi, lakini hukuwafukia kwa uongo. Sasa lala, kula ushibe, mkeo akuone mchana. Uzee wako uwe wa raha.

Na wewe mwenyekiti, najua umekaa hapo mbele. Jumanne mnaamua nani alete boila jipya, na shemeji yako kaomba tena. Benchi nimelifuta vumbi. Mlango nitaushika mimi.